Kabla ya gundi, mwacheni mtoto amtazame ndege

Ingia darasa la tatu au la nne ambalo mwalimu wake amejitahidi kupamba kuta, na aghalabu utawakuta ndege. Wamebandikwa juu ya ubao, pembeni mwa dirisha, wakati mwingine mpaka mlangoni. Wana manyoya ya pamba, macho ya vifungo vya shati na mabawa ya karatasi za rangi zilizokunjwakunjwa. Wageni wa siku ya wazazi huwasifu na kuwapiga picha. Lakini simama mbele yao dakika mbili uwatazame mmoja mmoja. Wote wanaelekea kushoto. Wote wana mdomo mfupi wa pembetatu, mkia wa michirizi mitatu na miguu ya vijiti. Ukimuuliza mtoto aliyeandika jina lake chini ya mmojawapo kwamba huyu ni ndege gani, atakutazama kidogo, kisha atakujibu: "Ndege tu."

Jibu hilo lisingenisumbua kama tungekuwa tunaishi mahali pasipo na ndege. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na Kenya inaifuata kwa karibu. Mtoto wa Mwanza anaamshwa na ndege wa ziwani, wa Tanga anapita chini ya minazi yenye viota, na wa Kariakoo, ambaye watu hudhani hana cha kuona, anagombania andazi na kunguru kila siku ya Mungu. Mtoto huyo akimaliza vipindi viwili vya sanaa vyenye mada ya ndege, akatumia gundi, manila na muda wa mwalimu, halafu akatoka bila kumjua hata ndege mmoja kwa jina na umbo lake, kazi haijafanyika. Kilichonufaika ni ukuta.

Simlaumu mwalimu. Ana wanafunzi themanini, mikasi mitatu na kipindi ambacho kinaweza kuliwa na gwaride au mtihani wa majaribio wakati wowote. Akichora ndege mmoja ubaoni na kuwaambia wanakili, angalau darasa litatulia. Siku hizi pia kuna simu. Mwalimu anaingia mtandaoni kutafuta kazi za sanaa za ndege, na anachopewa ni violezo vya shule za Marekani na Ulaya: kadinali mwekundu juu ya tawi lenye theluji, pengwini, bundi mwenye macho makubwa ya kuchekesha. Anavichapisha, watoto wanakata, wanabandika pamba mahali palipoandikwa pamba. Nimemwona pengwini kwenye ukuta wa darasa ambalo nyuma yake kuna mwembe uliojaa ndege wanaopiga kelele tangu alfajiri. Hakuna mtoto aliyetumwa nje kuwatazama.

Ninachokitetea ni hiki. Kazi ya sanaa yenye mada ya ndege ianze na ndege halisi, ambaye wanafunzi wamemtazama kwa macho yao mpaka wakaanza kubishana juu yake. Na kila kitu kitakachobandikwa, kiwe kitambaa, waya, mbegu au majani makavu, kiwe kimechaguliwa na mtoto kwa sababu anayoweza kuitaja. Mambo hayo mawili yakikosekana, sanaa ya kuchanganya vifaa inabaki kuwa upambaji wa kuta. Yakiwepo, sioni kipindi kingine katika shule ya msingi kinachomfundisha mtoto kufikiri kwa mikono kiasi hicho.

Anza na kunguru, kwa kuwa hana gharama. Waulize wanafunzi wa shule yoyote ya Dar es Salaam kunguru ana rangi gani, na darasa zima litaitikia: mweusi. Kisha watoe nje mara baada ya mapumziko, wakati makombo ya mihogo na maganda ya miwa bado yamezagaa uwanjani, uwaambie watazame shingo. Kunguru waliojaa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 wasaidie kula taka za mji, na kutoka hapo wakaenea mwambao mzima, wakila mayai na makinda ya ndege wengine. Shingo na kifua chao vina rangi ya kijivu. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe, na mjini siku hizi humwoni kwa urahisi. Mtoto wa miaka tisa, aliyeishi na kunguru tangu azaliwe, anagundua asubuhi hiyo kwamba hakuwahi kumtazama.

Akirudi darasani, vifaa viko jikoni kwa mpishi wa uji wa shule. Mkaa unasagwa, unachanganywa na gundi, unapakwa mwilini. Majivu yanapakwa shingoni. Hakuna aliyemwambia "paka kijivu hapa". Aliona kijivu, akaenda kukitafuta, akakikuta chini ya mafiga.

Lakini ndege ninayetamani kila shule yenye mti imtumie ni mnana. Kwanza yuko karibu kila mahali. Pili anafanya kazi yake hadharani na kwa makelele, hivyo mtoto hahitaji darubini wala subira ya mtafiti. Na tatu, kazi yenyewe ni sanaa ya mikono. Dume ndiye anayesuka. Anatua pembeni mwa jani la mnazi au la tete, anang'ata ukingo wake, anaruka huku akiuvuta, na ukambaa mrefu unachanika. Ukambaa huo anaufunga kwenye kitawi, anaongeza mwingine, mpaka anapata pete. Pete hiyo ndiyo msingi wa kila kitu. Anasimama ndani yake na kusuka mbele kadiri mdomo wake unavyofika, chumba kinajitokeza upande mmoja, kisha ukumbi mdogo upande wa pili, na mlango unaangalia chini. Kiota kikikamilika kikiwa bado kibichi, anajining'iniza chini yake na kupigapiga mabawa akimwita jike. Jike anakuja kukagua. Asiporidhika anaondoka, na kiota kikikaa siku kadhaa bila kupata mwenyewe kikaanza kukauka, dume anakibomoa na kuanza upya.

Watafiti wawili wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, ambao walikuwa mume na mke, walitumia miaka mingi kuchunguza ndege hawa. Waliona kwamba madume wachanga husuka vibaya mwanzoni: kambaa zinaning'inia, pete haishiki, kiota kinakaa upande. Wanaboreka kwa kurudiarudia. Wale walionyimwa majani ya kuchezea walipokuwa wadogo walihangaika sana baadaye walipotakiwa kusuka. Ningependa kila ofisa elimu anayefuta kipindi cha sanaa ili kuongeza kipindi cha marudio ya hisabati ayajue matokeo hayo.

Wilayani Muheza nilimwona mwalimu mmoja akiligeuza jambo hili kuwa kazi ya darasa. Aliwatoa wanafunzi wake wa darasa la nne, akawakalisha chini ya mnazi ulio mpakani mwa uwanja wa shule, akawapa sharti moja: kila mtu arudi na kitu kimoja alichokiona ambacho jirani yake hakukiona. Kwa muda fulani ilikuwa vurugu. Kisha msichana mmoja akasema ndege hachumi jani, analichana. Mwingine akabisha. Wakatazama tena, wakakubaliana. Ukazuka ubishi mkubwa zaidi: kiota kinaanzia chini au juu? Kundi moja lilisema ni lazima kianze na sakafu, kwa sababu nyumba huanza na msingi. Walitafuta kiota ambacho ndiyo kwanza kinaanzwa, na walipokiona, kelele zao ziliwarusha ndege wote wa mti ule.

Darasani walikuta ukindu, katani na majani ya mnazi mezani. Mwalimu hakuonyesha mfano. Kila kundi lilijaribu kufunga pete kwenye kijiti kwa vidole viwili tu vya mkono mmoja, kwa kuwa ndege ana mdomo mmoja. Kwa macho ya mgeni kipindi kile kilikuwa hasara: viota vyote vilifumuka. Vijana waliozoea kusuka mikeka na mama zao waligundua kwamba ukindu uliolowekwa hautelezi sana na haukatiki. Mmoja akaja na wazo la kuupitisha ukambaa juu, chini, kisha kuurudisha ndani ya kitanzi chake mwenyewe. Pete ikashika. Kipindi kilichofuata waliomba wenyewe warudi mnazini kwanza.

Kazi iliyotokana na hayo, wiki chache baadaye, ilikuwa ubao mmoja mrefu wa maboksi yaliyounganishwa. Matawi yalikuwa ya waya uliovingirishwa vitambaa. Viota vilikuwa vya katani na ukindu, na vilikuwa vinatokeza nje ya ubao kiasi cha mkono kuingia. Ndege walikuwa wa vipande vya kitenge cha manjano kutoka kwa fundi cherehani wa jirani, na vichwa vyao vilipakwa masizi. Kiota kimoja kilikuwa kimeachwa nusu, pete tupu. Nilipouliza kwa nini hawakukimalizia, mvulana aliyekitengeneza alinijibu kwa mshangao kidogo kwamba huyo ndiyo kwanza ameanza, wengine walitangulia. Ubao ule haukuwa mzuri kwa maana ya kadi za sikukuu, lakini kila kitu juu yake kilikuwa na sababu.

Suala la rangi nalo lina utajiri ambao violezo vinaupoteza. Mchukue chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayenyonya maua ya mbaazi pori, midodoki na migomba. Dume akiwa kivulini ni mweusi. Akigeuka juani kifua chake kinawaka kijani, kisha zambarau, kisha kinazimika. Rangi ya chupa haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu mng'ao ule unatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa na jinsi mwanga unavyogonga juu yake. Mtoto akiambiwa atafute kitu kinachobadilika rangi kikigeuzwa, ataleta karatasi ya pipi, ukanda wa kaseti iliyokufa, sidii iliyochakaa. Sidii aikate mwalimu, maana ina ncha kali. Mtoto huyo amefanya fizikia bila kuambiwa kwamba ni fizikia.

Kwa kulukulu, ndege wa kijani na zambarau anayeishi katika misitu kama ya Usambara, jambo ni kinyume kabisa. Wekundu unaoonekana anapokunjua mabawa ni rangi ya kweli ndani ya unyoya, na ndani ya rangi hiyo mna madini ya shaba. Ni ndege wa jamii yake peke yao walio na rangi hiyo. Mtoto akiambiwa hivyo halafu akapewa waya wa shaba uliotolewa kwenye mota mbovu ya feni, usishangae akikataa kupaka rangi nyekundu na kuanza kuusuka waya ule ndani ya bawa. Flamingo naye, mtoto atataka kujua alikopata waridi. Anaipata kwenye chakula. Makinda wanaoanguliwa Ziwa Natron, ambako ndiko mazalio makuu ya flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, wana rangi ya kijivu. Waridi huja kadiri wanavyokula mwani wa maziwa ya magadi. Kundi linalotengeneza flamingo basi litahitaji ndege wa kijivu pia, na litalazimika kuamua nani ni mtoto na nani ni mzazi.

Kisha kuna unyoya wenyewe. Kabla ya kubandika manyoya popote, kila mtoto apewe unyoya mmoja mkubwa wa bawa la kuku, auvute pande zake kinyume mpaka upasuke, halafu aupitishe polepole katikati ya vidole kuelekea nchani. Ule mpasuko unafunga. Nyuzi za unyoya zina vikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoshikana na kuachana, na ndege akijichambua kwa mdomo anafanya hilo hilo. Sijawahi kuona darasa lisilonyamaza kwenye hatua hiyo. Baada ya hapo hakuna mtoto anayebandika manyoya ovyo: anauliza lipi la bawa, lipi la mkia, na haya malaika laini yanakaa wapi. Tahadhari moja tu, na niiseme kwa uzito wake. Manyoya yatoke kwa kuku wa nyumbani aliyechinjwa akiwa na afya, yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni, yaanikwe juani. Ndege aliyekutwa amekufa asiguswe, wala manyoya yake, kwa sababu mafua ya ndege si hadithi.

Gundi haihitaji kununuliwa. Vijiko viwili vya unga wa muhogo, vikorogwe kwenye maji ya baridi kidogo, vimiminwe ndani ya kikombe cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji uwe mzito na ung'ae. Ukitia chumvi kidogo, ukungu unachelewa. Inashika karatasi, kitambaa na majani; kwa mbegu nzito na vizibo vya soda, tumia uzi au waya. Mende wanaipenda, kwa hiyo ubao uanikwe mpaka ukauke kabisa na utundikwe mbali na kabati.

Nikisema haya, wapo wanaoniambia kwamba sanaa ya aina hii ni ya kigeni, ya shule za matajiri. Historia ya vitabuni inawapa nguvu kidogo, kwa kuwa inaanzia mwaka 1912, Picasso na Braque walipoanza kubandika karatasi kwenye michoro yao huko Ufaransa. Lakini mtoto wa Kitanzania aliyefunga gari la waya likapata usukani, aliyetengeneza mpira wa makaratasi na nailoni, aliyeunda tiara kwa njiti za ufagio na gazeti na kuikatia mkia wa urefu sahihi ili isiyumbe, amekuwa akichanganya vifaa muda wote. Shule ndiyo haikumpa alama kwa hilo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi hii na kuanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakusubiri turubai wala rangi za mafuta. Alichukua vipande vya ubao wa dari na rangi za kung'aa zinazouzwa madukani, na ndani ya miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1972 alikuwa ameanzisha mtindo ambao dunia nzima inautambua. El Anatsui wa Ghana, aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, anaunganisha vizibo vya chupa kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa mapazia makubwa yanayotundikwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Na Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, wakalivisha ndala kuukuu za kila rangi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mwalimu anayetafuta mifano ya kuwaonyesha watoto hana haja ya kuvuka bahari.

Yupo mtoto mmoja hasa ninayemfikiria ninapoandika haya, na kila shule inaye. Ni yule anayekamatwa na manati mfukoni. Anajua ulimbo unatolewa kwenye mti gani, njiwa hunywa maji saa ngapi, chiriku hutaga wapi. Darasani ni wa mwisho, na mwalimu wa zamu humwita kwa jina la dharau. Kwenye somo la ndege, mtoto huyu ana ujuzi ambao hakuna kitabu cha kiada kilicho nao. John James Audubon mwenyewe, ambaye michoro 435 ya kitabu chake cha ndege wa Amerika ilichapishwa kati ya 1827 na 1838, aliwapiga ndege risasi kwanza, kisha akawasimamisha kwa nyaya ubaoni ili awachore. Sitetei manati, na ningetaka ziishe. Ninasema tu kwamba mtoto huyu akipewa kazi ya kuwaongoza wenzake kimyakimya hadi kwenye kiota na kuwaeleza anachokijua, huenda ikawa mara ya kwanza kwake kusikilizwa shuleni.

Kuhusu wazazi, nitasema waziwazi: kazi hii isiende nyumbani. Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi, wazazi wengi walilalamika hadharani kwamba wanatumwa kununua manila, rangi na vifaa vingine usiku usiku, na kwamba mwishowe wao ndio wanaokata na kubandika huku mtoto amelala. Huku kwetu tunaijua vizuri hali hiyo. Mtoto anaambiwa alete ufagio au mkeka aliousuka mwenyewe, mzazi anaununua sokoni, mwalimu anaupokea na kuutia alama, na wote watatu wanajua ukweli. Ndege aliyetengenezwa na mama saa tano usiku hana faida kwa mtu yeyote. Kitu pekee kinachostahili kutoka nyumbani ni mabaki na maarifa. Bibi anaweza kumpa mjukuu wake kipande cha kanga iliyochakaa, na jina la ndege kwa Kisambaa au Kizigua, na habari ya ndege ambaye zamani alikuwa akija shambani na sasa haonekani. Hayo hayauzwi dukani.

Na darasa la wanafunzi themanini? Linagawanywa. Ubao mmoja kwa watoto wanane, na kila kundi ndege wake. Nusu watoke nje na nusu wabaki wakitayarisha vifaa, kisha wabadilishane. Mikasi mitatu inatosha kama karatasi nyingi zitachanwa kwa mkono, na kwa kweli karatasi iliyochanwa inafanana na manyoya kuliko iliyokatwa. Kinachokula muda ni kurudia kazi, na hapo ndipo walimu wengi wanapokata tamaa mapema. Ron Berger, mwalimu wa Marekani, huonyesha michoro sita ya kipepeo iliyochorwa na mtoto mmoja wa darasa la kwanza huko Boise, Idaho. Mchoro wa kwanza ni wa mtoto yeyote. Wa sita ungeweza kuingia kwenye kitabu cha sayansi. Katikati hakukuwa na muujiza wowote, isipokuwa wenzake waliomwambia, kwa upole na kwa uhakika, ni wapi mchoro wake haukulingana na picha aliyokuwa anaitazama: umbo la bawa kwanza, kisha madoa. Watoto wetu wanaweza kuambiana hivyo. Wanajua kubishana, na wakifundishwa kusema "tazama tena mdomo wake" badala ya "umekosea", kazi inasonga mbele.

Kuna swali ambalo mwalimu atakutana nalo mapema, nalo ni bundi. Katika kila darasa kuna watoto watakaosema bundi hatengenezwi, analeta msiba, na bibi hataki asikie hata jina lake. Nimewaona walimu wakiwacheka watoto hao, na nimewaona wengine wakimfuta bundi kwenye orodha ili yaishe. Yote mawili si sawa. Anayeogopa asilazimishwe. Lakini darasa lipewe nafasi ya kulizungumza, na mwalimu aeleze anachokula bundi: panya, usiku kucha, katika maghala na mashamba yetu. Awaonyeshe kwamba ukingo wa unyoya wake una nyuzinyuzi laini zinazofifisha sauti ya bawa, ndiyo maana hupita bila kusikika. Ataje pia kwamba yupo bundi mdogo sana, bundi wa Sokoke, anayeishi msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya na Usambara Mashariki kwetu, na asiyejulikana nje ya nchi hizi mbili. Mtoto mmoja au wawili watataka kumtengeneza. Wanahitaji kitu laini kuliko vyote darasani, na nimeona sufi ya msufi ikitumika vizuri kwa hilo.

Mitaala iliyoboreshwa, ambayo shule za msingi zilianza kuitumia Januari 2024, ina somo la Sanaa na Michezo. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu miaka mingi sanaa iliishi kwa huruma ya mwalimu mmoja mmoja. Wasiwasi wangu ni upimaji. Tukianza kuwauliza watoto kwa karatasi kolaji ni nini, taja vifaa vinne vinavyotumika, tutakuwa tumelipata somo na kuliua katika mwaka huo huo. Wathibiti ubora wa shule wana uwezo wa kulizuia hilo bila fedha yoyote. Wakiingia darasani na kukuta ndege ukutani, wawaite watoto watatu wasiochaguliwa na mwalimu. Wamuulize kila mmoja: ndege huyu ulimwona wapi, alikuwa anafanya nini, na kwa nini mkia wake umeutengeneza kwa kitu hiki. Wasikilize jibu, waandike kwenye ripoti kama lilivyotolewa. Na kama shule haina mti hata mmoja ambao ndege wanaweza kutua, hilo nalo liingie kwenye ripoti, karibu na idadi ya madawati na matundu ya vyoo.